Wilfred Whiteley na Swali la Nani Aliyeulizwa

Utangulizi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa isimujamii aliyepewa kazi ya kuchunguza matumizi ya Kiswahili mtaani Ngara, Nairobi. Saa mbili asubuhi anasimama kwenye kituo cha matatu cha Fig Tree, hojaji mkononi, na kuwauliza watu mia moja wanatumia lugha gani nyumbani, sokoni na kazini. Jioni anajumlisha majibu, anachora jedwali, na juu yake anaandika kwamba hayo ndiyo matumizi ya lugha ya wakazi wa Ngara. Hesabu zake hazina kosa. Hata hivyo, wengi wa aliowauliza huenda hawalali Ngara. Ni abiria wa Barabara ya Thika wanaokwenda kazini mjini. Mama aliyekuwa akipanga mboga ndani ya soko hakuulizwa. Mzee wa Kigujarati anayeishi ghorofani juu ya duka hakuulizwa. Yaya aliyebaki na mtoto, na bawabu aliyekesha na sasa amelala, hawakuulizwa pia. Jedwali ni sahihi ila jina lake si la kweli.

Swali la nani aliyeulizwa ndilo msingi wa uteuzi wa sampuli katika kila utafiti, uwe wa lugha, wa afya ama wa kura za maoni. Makala haya yanalitazama swali hilo kupitia maisha ya mtaalamu ambaye wanafunzi wa Kiswahili humkuta mapema katika masomo yao, Wilfred Howell Whiteley (1924–1972). Tumezoea kumtaja tunapojadili lahaja na historia ya Kiswahili sanifu. Mara chache tunautazama mwendo wa maisha yake ya kazi, ambao ulianza kwa kumsikiliza msemaji mmoja mmoja na kuishia katika uchunguzi uliokusudia kueleza hali ya lugha ya nchi nzima.

Kutoka kwa Wamakua hadi Kamati ya Kiswahili

Whiteley alikuwa Mwingereza aliyefika Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hakuanza kama mwanaisimu. Maandishi yake ya mwanzo yalihusu jamii na mila: mwaka 1950 alichapisha kitabu kuhusu Wabemba na majirani zao, na mwaka 1954 makala kuhusu serikali za mitaa miongoni mwa Wamakua wa kusini mwa Tanganyika. Mwaka huohuo wa 1954, akishirikiana na A. E. Gutkind, alitoa bibliografia ya maandishi kuhusu lugha za Afrika Mashariki.

Kwa mtazamo wa juu juu, bibliografia ni orodha tu. Kwa mtu anayejali sampuli, orodha ya namna hiyo ni kioo. Humwonyesha msomaji ni lugha zipi zimeandikiwa mengi na zipi zimeachwa. Lugha ya pwani, pamoja na lugha ambazo wamisionari walizihitaji kwa mahubiri na tafsiri ya Biblia, zilikuwa na sarufi na kamusi. Lugha nyingi za bara hazikuwa na kitu. Mtu ambaye angeeleza tabia ya lugha za Afrika Mashariki kwa kutegemea vitabu vilivyokuwako angekuwa anaeleza tabia ya lugha zilizobahatika kuandikwa. Whiteley mwenyewe alikwenda kupunguza pengo hilo. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya Kiiraqw, lugha ya Kikushi ya Tanganyika. Mwaka 1960 alieleza mfumo wa nyakati katika Ekegusii, na mwaka 1966 sentensi za Kiyao.

Katika miaka ya 1950 alikuwa Katibu wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kamati hiyo iliundwa mwaka 1930 ikiwa na jukumu la kusimamia usanifishaji, na kufikia wakati wa Whiteley ilikuwa imehamia Makerere, Uganda. Wasomaji watakumbuka kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekwisha kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita. Uamuzi huo ulihitajika ili vitabu vya shule viandikwe kwa namna moja. Lakini tukiutazama kwa jicho la mtafiti, lahaja moja ilikuwa imepewa kazi ya kuziwakilisha nyingine zote.

Ni jambo la kupendeza kwamba katibu wa kamati ya usanifishaji hakuridhika na lahaja hiyo moja. Mwaka 1956 Whiteley alichapisha uchunguzi wa Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Mrima, na mwaka 1958 akatoa kazi yake kuhusu lahaja na mashairi ya Pemba.

Msemaji mmoja na wasemaji wengi

Kazi ya lahaja ina sampuli yake. Mtafiti hutafuta mzee mwenye ufasaha, ambaye hakutoka sana kijijini, na kumsikiliza kwa makini. Hiyo ndiyo sampuli ya kimakusudi: mtu anachaguliwa kwa sababu anajua kile mtafiti anachokitafuta. Njia hiyo haina aibu yoyote. Inafaa sana pale mtu anapotaka kujua umbo la kitenzi au maana ya neno. Haifai hata kidogo pale anapotaka kujua ni watu wangapi wanaolitumia umbo hilo.

Mfano mwingine unapatikana katika kazi ya Whiteley inayojulikana mno, yaani toleo la tawasifu ya Tippu Tip, Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alilitoa mwishoni mwa miaka ya 1950 likiwa na matini ya Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza. Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Simulizi yake ni hazina kwa historia ya nathari ya Kiswahili. Ni sauti ya mwenye msafara. Wapagazi waliobeba pembe na watu waliouzwa walipita njia zilezile, nao hawakuacha kitabu. Anayeisoma tawasifu hiyo kama maisha ya Tippu Tip anasoma sawa. Anayeisoma kama picha ya watu wote wa misafara amefanya kosa lilelile la mwanafunzi wetu wa Fig Tree.

Mnunuzi wa nafaka analijua jambo hili bila kusoma takwimu. Anapoletewa gunia la mahindi hachoti konzi ya juu. Huchukua bambo, akalichoma gunia ubavuni, katikati na chini, kisha akatazama kilichotoka. Anajua kwamba muuzaji huweka punje nzuri juu. Tena anajua kwamba hata muuzaji mwaminifu hawezi kuzuia vumbi na punje nyepesi zisishuke chini njiani. Sampuli nasibu, ambapo kila mtu katika jamii inayochunguzwa ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, ni bambo la mtafiti. Sampuli ya matabaka ni kuhakikisha kwamba bambo limegusa juu, katikati na chini.

Uchunguzi wa lugha nchini Kenya

Katika miaka ya 1960 Whiteley alifundisha isimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki. Baadaye alirudi London kuwa Profesa wa lugha za Kibantu katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. Mwaka 1969 kilitoka kitabu chake cha historia ya Kiswahili kama lugha ya taifa, ambacho bado kinasomwa.

Wakati huo nchi za eneo hili zilikuwa huru na kila moja ilihitaji kuamua ni lugha ipi itumike shuleni, mahakamani na redioni. Kwa ufadhili wa Ford Foundation, uchunguzi mkubwa wa matumizi na ufundishaji wa lugha ulifanywa katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Whiteley aliongoza kundi la Kenya mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana mara moja. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu wapatao milioni 10.9 nchini Kenya, nusu milioni na ushei wakiwa Nairobi. Sensa iliwauliza watu kabila lao. Kabila la mtu halisemi anazungumza nini na mkewe, na mteja wake, na mwalimu wa mwanawe. Kuyajua hayo kulihitaji kwenda kwa watu na kuwauliza, na kwa kuwa haikuwezekana kumuuliza kila mmoja, ilibidi wachaguliwe wachache.

Matokeo yalikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Whiteley na kuchapishwa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1974. Mpangilio wake unafundisha. Whiteley mwenyewe aliandika kuhusu mgawanyiko wa lugha za Kenya na kuhusu matumizi ya lugha mashambani. David Parkin alichunguza mitaa ya Bahati na Kaloleni jijini Nairobi. Janet Bujra aliichunguza Pumwani, mtaa wenye historia ndefu ya Uislamu. Barbara Neale aliandika kuhusu lugha za Waasia wa Kenya. T. P. Gorman alichunguza lugha za wanafunzi na wazazi wao.

Kila sura ina mlango wake wa kuingilia katika jamii, na kila mlango huwaacha wengine nje. Anayeingia kwa mlango wa shule hukutana na familia zilizopeleka watoto shuleni, na katika miaka ya 1960 watoto wengi hawakuwa shuleni. Anayeingia kwa mlango wa mtaa mmoja hupata undani mkubwa wa mtaa huo. Anaona jinsi watu wanavyobadili lugha ndani ya mazungumzo yaleyale, na kwa nini. Hapati haki ya kusema ni asilimia ngapi ya Wanairobi wanafanya hivyo. Kosa huanza kwetu sisi tunaokuja baadaye, tunapochukua sura ya Kaloleni na kuinukuu kana kwamba ni sura ya Nairobi nzima.

Uganda inatupa onyo jingine. Katika uchunguzi wa nchi hiyo, uliochapishwa mwaka 1972, wanaume waliosema wanaweza kuzungumza Kiswahili walikuwa zaidi ya maradufu ya wanawake. Kiswahili cha Uganda kilihusishwa na jeshi, polisi, kazi za vibarua na safari, mambo ambayo wakati huo yaliwagusa wanaume zaidi. Mtafiti ambaye angefika nyumbani na kumhoji mwenye nyumba tu, kama ilivyo desturi ya heshima, angekadiria wasemaji kupita kiasi, na hakuna hesabu ya baadaye ambayo ingelisahihisha kosa hilo.

Darasa moja la Nairobi

Msomaji anaweza kuuliza kama haya yana madhara yoyote nje ya darasa. Jibu limo katika historia ya shule zetu, nayo inaanzia Nairobi.

Mwaka 1957 darasa la majaribio la kufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo lilianzishwa katika shule ya msingi ya Aga Khan, Nairobi. Watoto wake walikuwa Waasia, kutoka nyumba zenye lugha mbalimbali, wakiishi katika mji ambamo Kiingereza kilisikika kila siku. Vifaa vilikuwapo na usimamizi ulikuwa wa karibu. Jaribio lilisifiwa. Njia hiyo, iliyokuja kuitwa Mkabala Mpya wa Shule za Msingi, ikapelekwa katika shule za Waafrika, zikiwemo za mashambani. Mwaka 1964 Tume ya Ominde iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili kilipendekezwa kiwe somo la lazima.

Hatudai kwamba sampuli peke yake ndiyo iliyoamua sera. Wazazi wengi walikitaka Kiingereza, na siasa zilikuwa na nguvu yake. Hata hivyo, ushahidi uliotolewa ulitoka kwa watoto wasiofanana na mtoto wa kijijini ambaye hakuwa amewahi kusikia Kiingereza na ambaye mwalimu wake mwenyewe alikuwa akijikongoja katika lugha hiyo. Njia iliyofaa kwa wale ilihukumiwa kuwa inafaa kwa wote. Baadaye, mwaka 1976, Kamati ya Gachathi ilipendekeza lugha za mama zirudi katika madarasa ya chini. Kiswahili kilisubiri hadi ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ili kiwe somo la lazima linalotahiniwa. Kizazi kizima cha watoto kilipita katikati ya tarehe hizo.

Upendeleo usio na hila

Neno upendeleo, tunalolitumia kueleza kasoro ya sampuli, lina hatari yake. Katika matumizi ya kawaida humaanisha mtu anayempendelea nduguye kwa makusudi. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndivyo wasemavyo wahenga. Upendeleo wa kitakwimu hauhitaji hila. Mzani uliopinda hupunja hata mikononi mwa muuzaji mcha Mungu. Mtafiti anaweza kuwa mwaminifu kabisa na sampuli yake ikaegemea upande mmoja kwa sababu ya saa aliyochagua, mahali aliposimama, orodha aliyoitumia au lugha aliyoulizia.

Kuongeza idadi hakuondoi kasoro hiyo. Mfano unaofundishwa kote duniani ni wa Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi kwa watu wapatao milioni 10 na kupata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitoka katika orodha kama zile za wenye simu na magari, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Tena walioamua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo zaidi, alimtabiria Roosevelt ushindi. Lakini Gallup naye alianguka mwaka 1948 alipotabiri kushindwa kwa Harry Truman. Njia yake ya mgao iliwapa wahojaji uhuru wa kuchagua wa kumhoji, naye aliacha kuuliza mapema mno kabla ya siku ya kura.

Utafiti wa lugha una mtego wa ziada. Ukimuuliza mtu kama anajua Kiingereza, swali lako linagusa hadhi yake. Ukimuuliza kwa Kiingereza, umekwisha kumpendekezea jibu na kuwafukuza wasiokijua. Ukimuuliza muuzaji wa Ngara lugha anayoitumia dukani, anaweza kukutajia Kiswahili kwa sababu anamwona mwanafunzi wa Kiswahili mbele yake, ilhali dakika mbili baadaye anamhudumia mteja kwa Kikuyu, au kwa Sheng. Kwa hiyo majibu ya hojaji ni kile watu wanachosema kuhusu lugha zao. Kupata kile wanachokifanya huhitaji masikio na subira, sifa ambazo Whiteley alizipata katika miaka yake ya kusikiliza lahaja.

Kifo chake na mtaa uliobadilika

Whiteley alifariki mwaka 1972 akiwa hajatimiza miaka 50. Hakukiona kitabu cha Kenya kikitoka. Kilipotoka mwaka 1974, ndio mwaka ambao Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni.

Tukirudi Ngara, tunaona kwa nini kitabu hicho hakiwezi kutufanyia kazi yetu. Wakati wa uchunguzi huo Ngara ilijulikana kama makazi ya Waasia, na msomaji aliyetaka kuielewa angeanzia sura ya Neale. Leo Ngara ni ya wafanyabiashara wa kila kabila, wanafunzi waliopanga hosteli, familia za Kiasia zilizobaki na wakazi wa nyumba mpya za Park Road. Orodha ya wakazi iliyofaa mwaka 1969 ingekuwa uongo leo. Sampuli huzeeka kama mtaa unavyozeeka.

Hitimisho

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi huwataka wanaozichapisha waeleze ukubwa wa sampuli na namna ulivyofanywa uchunguzi. Tasnifu zetu za Kiswahili hazistahili kudai pungufu ya hayo. Mara nyingi sehemu ya sampuli huandikwa kwa mistari mitatu, kisha asilimia hujaza kurasa thelathini. Tungefanya vyema kugeuza mizani hiyo. Mwanafunzi aeleze alisimama wapi, saa ngapi, alitumia orodha gani, aliuliza kwa lugha ipi, wangapi walikataa, na ni akina nani ambao njia yake isingeweza kuwafikia. Akichagua mtaa mmoja kwa makusudi, aseme hivyo bila haya, na asiuvike mtaa huo joho la taifa.

Mwanafunzi wetu wa Fig Tree hana haja ya kulitupa jedwali lake. Alipe jina linalolistahili, yaani majibu ya watu mia moja waliokuwa kituoni asubuhi moja. Kisha arudi Ngara adhuhuri aingie sokoni, arudi jioni abishe milango ya ghorofani, na arudi usiku bawabu atakapokuwa macho.